Valgrind inaposema haiujui mwito huo

Kuna mistari mitano ambayo kila anayeandika C au C++ kwenye Linux, akikagua programu yake kwa Valgrind (zana ya kukamata makosa ya kumbukumbu), atakutana nayo siku moja, na kwa kawaida ni siku ambayo ana haraka:

    --21874-- WARNING: unhandled amd64-linux syscall: 436
    --21874-- You may be able to write your own handler.
    --21874-- Read the file README_MISSING_SYSCALL_OR_IOCTL.
    --21874-- Nevertheless we consider this a bug.  Please report
    --21874-- it at http://valgrind.org/support/bug_reports.html.

Maana yake, Valgrind imekutana na mwito wa mfumo (syscall), yaani ombi la programu kwa kerneli, isioujua. Wapo wanaoshtuka na kuanza kupekua msimbo wao mstari kwa mstari, wakitafuta kosa ambalo hawakulifanya. Na wapo, hasa waliokwisha kuzoea, wanaosema "achana nayo, hizo ni kelele za Valgrind," halafu wanaendelea na kazi. Jibu hili la pili ndilo linalotolewa sana, na ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kweli onyo lenyewe halihusu msimbo wako. Lakini sekunde hiyohiyo lilipochapishwa, programu yako imeambiwa kitu na Valgrind, na kuanzia hapo huenda imeshika njia ambayo hujawahi kuijaribu.

Tuanze na alama za pembeni, maana wengi hawazitazami. Ujumbe wa kawaida wa Memcheck, kile kifaa cha ndani ya Valgrind kinachokagua kumbukumbu, ule wa kukuambia umesoma kumbukumbu uliyokwisha kuiachia au umetumia thamani ambayo hukuijaza, huanza na alama za sawasawa, mfano ==21870==. Onyo letu limeanza na vistari. Kwa sehemu kubwa, alama za sawasawa ni Valgrind inaizungumzia programu yako, na vistari ni Valgrind inajizungumzia yenyewe. Ndiyo maana onyo hili halihesabiwi kwenye ERROR SUMMARY kule mwisho, na halizimwi kwa faili la kunyamazisha makosa. Hata ukiwa umeweka --error-exitcode, ya kuangusha jaribio Valgrind ikipata kosa, kwenye majaribio ya usiku, asubuhi utakuta kila kitu kijani. Namba iliyo katikati ya vistari ni namba ya mchakato. Hapo ni 21874. Iweke akilini, ina kazi yake.

Kinachofuata ni amd64-linux, na hapo ndipo watu hupotea wakienda kutafuta namba tupu mtandaoni. Namba za miito ya mfumo hutegemea aina ya prosesa. Mwito wa rseq ni 334 kwenye amd64, 386 kwenye x86 ya biti 32, na 293 kwenye arm64. Mwito ni uleule, namba tatu. Mambo yalipoa kidogo kuanzia namba 424, ambako miito mipya hupewa namba moja karibu kwenye kila prosesa. Kupata jina si kazi: kama kifurushi cha audit kimesakinishwa, andika ausyscall 436. Kama hakipo, kwenye Debian na ndugu zake tafuta kwenye faili la mfumo lenyewe:

    grep -w 436 /usr/include/x86_64-linux-gnu/asm/unistd_64.h
    #define __NR_close_range 436

Grep ikirudi mikono mitupu, faili hilo ni la zamani kuliko mwito unaoutafuta. Na ukikutana na namba ya ajabu, hasi au ya tarakimu kumi, usikimbilie kuilaumu Valgrind. Huenda kuna mtu kaita syscall() akapanga hoja vibaya, au rejista imeharibiwa kabla ya kufika hapo.

Sasa, kwa nini Valgrind ihitaji kuujua mwito wowote? Kerneli ipo, inaujua, si iuachie tu upite?

Valgrind haiipeleki programu yako kwenye prosesa ilivyo. Inachukua maelekezo ya mashine, inayageuza kuwa lugha yake ya ndani iitwayo VEX, inapachika ukaguzi wake humo, halafu inayageuza tena kuwa maelekezo ya mashine na kuyaendesha hayo. Ndiyo maana chini ya Memcheck programu hutambaa, mara 20 hadi 30 polepole kuliko kawaida. Faida yake ni kwamba kila baiti ya kumbukumbu ina kivuli chake: inaruhusiwa kuguswa au hairuhusiwi, na kila biti yake imejazwa au bado. Memcheck ni karani wa ghala mwenye daftari. Mzigo usioandikwa daftarini, kwake haupo, hata kama magunia yamegusa dari.

Kuna mahali ambapo karani huyu haoni, nako ni ndani ya kerneli. Programu ikiita read, anayejaza bafa ni kerneli, si maelekezo yaliyopitia VEX. Kwa hiyo kila mwito umeandikiwa kipande cha msimbo ndani ya Valgrind chenye pande mbili. Upande wa PRE hufanya kazi kabla ya mwito: hukagua kama kumbukumbu ambayo kerneli itaisoma imejazwa, na kama ile itakayoandikiwa inaruhusiwa. Upande wa POST hufanya kazi baada ya mwito kufaulu, na huandika daftarini kwamba baiti kadhaa sasa zimejazwa. Ukiwahi kuona Syscall param write(buf) points to uninitialised byte(s), huo ni upande wa PRE umekukamata, na hilo ni kosa lako halali kabisa. Naona watu wengi wakiuchanganya ujumbe huo na onyo letu kwa sababu tu yote mawili yana neno syscall.

Kukosa POST kungeleta lawama za uongo, basi, na hilo lingevumilika. Kinachoizuia Valgrind kuachia mwito upite bila kuujua ni kikubwa zaidi. Valgrind inaishi ndani ya mchakato uleule na programu yako. Inatumia kumbukumbu ileile na jedwali lilelile la faili zilizofunguliwa. Mwito usiojulikana unaweza kufunga faili ambalo Valgrind inaandikia ripoti, au kutandika kumbukumbu mpya juu ya eneo lake, au kuzaa uzi (thread) mpya ambao ungekimbilia kwenye prosesa halisi, nje kabisa ya ulinzi wake. Kwa hiyo haibahatishi. Mwito haufiki kwenye kerneli. Programu yako inarudishiwa ENOSYS, kosa namba 38, maana yake "kazi hii haipo hapa".

Hili watu hawalijui, na onyo lenyewe halilisemi. Mwito wako haukufanyika kabisa, na programu imejibiwa kwamba mwito huo haupo duniani.

Turudi kwenye 436. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. "Kaka, hii kitu inaganda ikiwa chini ya Valgrind tu. Nje iko freshi." Nikamuuliza kama kuna onyo lolote huko juu. "Lipo lile la syscall, nimelikata nisikujazie picha."

Programu yenyewe ilikuwa huduma inayozaa wasaidizi wawili. Mmoja anasoma data, anaiandika kwenye paipu, anamaliza na kuondoka. Wa pili anakaa siku nzima akisubiri kazi. Mzazi anasoma paipu ya yule wa kwanza mpaka ifike mwisho, kisha anaendelea. Katika kila mtoto, baada ya fork (mwito wa mchakato kuzaa mtoto), paipu hupachikwa mahali pake kwenye 0 na 1, namba za faili za kuingizia na kutolea data, halafu ilikuwapo mistari hii:

    close_range(3, ~0U, 0);
    execv(njia, hoja);

Maana yake: funga kila kitu kuanzia faili namba 3 kwenda juu, kisha geuka kuwa programu nyingine. Mstari mmoja badala ya kitanzi cha close elfu moja. Mwito huu uliingia kwenye Linux 5.9, mwaka 2020, na Valgrind iliyokuwa kwenye mashine ya kijana huyu ilikuwa ya kabla haijafundishwa kuujua.

Sasa itazame ile namba ya mchakato. Ripoti zote za mzazi zilianza na 21870. Onyo lilianza na 21874, yaani lilitoka kwa mtoto, katika ule muda mfupi kati ya fork na execv ambapo Valgrind bado imemshikilia. Mtoto akaita close_range, akajibiwa ENOSYS, na hakuna aliyetazama jibu. Akaendelea na execv huku ameshika kila alichorithi, pamoja na upande wa kuandikia wa paipu ya mwenzake. Msaidizi wa kwanza akamaliza kazi na kuondoka. Mzazi akasubiri mwisho wa paipu. Mwisho haukuja, kwa sababu msaidizi wa pili, asiyejua lolote, bado alikuwa ameushika upande wa kuandikia. Programu ikaganda, na Memcheck haikuwa na kosa hata moja la kuripoti. Kumbukumbu ilikuwa safi.

Mtu mwingine angeishia kusema tatizo ni la Valgrind, asakinishe toleo jipya, yaishe. Na kweli toleo jipya lingeondoa onyo na mgando. Lakini fikiria ENOSYS inatoka wapi katika maisha ya kawaida. Inatoka kwenye kerneli ya zamani. Ubuntu 20.04 ilikuja na kerneli 5.4, ambayo haina close_range. Chukua kontena lenye maktaba mpya ya C, liweke juu ya seva kama hiyo, na huduma hii ingeganda vilevile, bila Valgrind wala onyo la kukuamsha. Kontena hubeba maktaba zake, halibebi kerneli. Na glibc, ndiyo hiyo maktaba ya C, haitakusaidia hapo: close_range yake hupeleka mwito tu na kurudisha jibu. Ndugu yake closefrom, iliyoingia glibc 2.34, ndiyo yenye adabu ya kuangukia kwenye /proc/self/fd pale mwito unapokosekana.

Tulifanya mambo mawili. Tuliweka closefrom mahali pa close_range, na paipu zote zikafunguliwa kwa pipe2 na O_CLOEXEC ili zijifunge zenyewe wakati wa exec. Toleo jipya la Valgrind lilikuja baadaye, kwa wakati wake.

Kwa hiyo nikiliona onyo hili siulizi "je, hili ni kosa langu?" Nauliza: programu ikiambiwa ENOSYS kwenye mwito huu, inafanya nini? Kuna majibu matatu. Ina njia mbadala, na njia hiyo ni nzuri. Au ina njia mbadala, lakini sasa ninaikagua hiyo badala ya ile inayotumika kwenye uzalishaji. Au haina, na haikutazama jibu.

Jibu la kwanza lina mfano maarufu, yule 334. glibc 2.35, iliyotoka mwaka 2022, ilianza kusajili rseq kila uzi unapoanza. Ghafla hata programu ya mistari mitatu ya kuchapisha salamu ikawa inatoa onyo chini ya Valgrind za wakati huo, na watu wakadhani mashine zao zimeharibika. rseq ni makubaliano na kerneli: nikinyang'anywa prosesa katikati ya kipande hiki cha maelekezo, usiniache nikiendelee, nipeleke kwenye anwani niliyoiandaa kwa hali hiyo. Valgrind haiwezi kuyatimiza makubaliano hayo hata ikitaka, kwa sababu maelekezo yanayokimbia ni yale iliyoyatafsiri yenyewe, wala kerneli haina habari na anwani za asili. Kwa hiyo Valgrind 3.19 ilifanya jambo la busara: inajibu ENOSYS kama zamani, ila kimya kimya. Ndivyo ilivyofanyiwa pia clone3, mwito mpya wa kuzaa nyuzi. glibc ikijibiwa hivyo hurudi kwenye njia ya zamani na maisha yanaendelea. Kama umekwama na Valgrind ya kabla ya hapo, GLIBC_TUNABLES=glibc.pthread.rseq=0 itaizuia glibc isijaribu. Hapo ndipo "achana nayo" ni ushauri sahihi, na nadhani ndipo ulipozaliwa, ukasambazwa hadi kwenye namba zisizostahili.

Kuhusu jibu la pili, statx, mwito wa kuuliza taarifa za faili, ni mfano mzuri. Ni namba 332 kwenye amd64, na ilikuja na Linux 4.11. Maktaba nyingi hujaribu statx kwanza, zikikosa hurudi kwenye stat za zamani. Chini ya Valgrind isiyoijua, kazi inakwenda vizuri, ripoti ni safi, na msimbo unaosoma majibu ya statx haujaguswa hata mara moja. Ripoti safi ya njia isiyotumika. Sioni kama hilo ni la kumkosesha mtu usingizi, lakini usiandike kwenye ripoti ya kazi kwamba sehemu ile imekaguliwa.

Jibu la tatu ndilo lililomkuta kijana wangu, na lina sura nyingine ya hila zaidi. Kama mwito ulikuwa ujaze muundo fulani na programu haikutazama jibu, muundo unabaki tupu, na mistari kumi mbele Memcheck inalalamika: Conditional jump or move depends on uninitialised value(s). Hilo lina alama za sawasawa, linahesabiwa, na linaelekeza mahali ambapo msimbo ni mzuri kabisa. Mtu anaweza kukaa alasiri nzima pale. Chanzo kiko juu, kwenye mistari aliyoikata. Ndiyo maana mimi hukimbiza Valgrind na -v onyo likitokea: kwa hali ya kawaida onyo halikuonyeshi nani kaita mwito huo, lakini ukiongeza -v linakuja na msururu wa kazi zilizoitana mpaka hapo. Ukitaka kila mwito kwa mpangilio, kuna --trace-syscalls=yes, ingawa jiandae kwa mafuriko.

Zana nyingine zina maonyo yanayofanana na hili lakini maana yake iko mbali. strace, zana ya kuorodhesha miito ya programu, ikiwa ya zamani na ikikutana na mwito isioujua huandika kitu kama syscall_0x1b4 na kufuatisha namba ghafi za hoja. 0x1b4 ni 436 hiyohiyo. Hapo hakuna kilichoharibika: strace ni mtazamaji tu, mwito umefika kwenye kerneli na kerneli imejibu. Kilichokosekana ni jina. Lakini QEMU ile ya kuendesha programu ya prosesa nyingine, mfano unapojenga kontena la arm64 kwenye mashine ya amd64, inafanana na Valgrind: inasimama katikati, na isipoujua mwito hujibu ENOSYS. Kabla ya kulisoma onyo, jua kama zana iko pembeni au iko mlangoni.

Mlangoni nako, namna ya kukataa ina uzito wake. glibc 2.34 ilipoanza kutumia clone3 mwaka 2021, kontena nyingi mpya zilishindwa hata kuzaa uzi mmoja kwenye Docker za zamani. Kichujio cha seccomp cha Docker, kinachoamua miito ipi iruhusiwe, hakikuijua clone3, kikawa kinajibu EPERM, "huna ruhusa", badala ya ENOSYS. glibc ikijibiwa "haipo" hurudi kwenye clone. Ikijibiwa "huna ruhusa" inaamini imekatazwa, na inakata tamaa. Docker 20.10.10 ilirekebisha hilo. Tangu hapo nimeiheshimu zaidi ENOSYS ya Valgrind.

Kuna pia onyo la ioctl, mwito wa kuzungumza na vifaa, na hili hufuata kanuni nyingine kabisa:

    ==3120== Warning: noted but unhandled ioctl 0x30000001 with no size/direction hints.
    ==3120==    This could cause spurious value errors to appear.

Ajabu yake, hili lina alama za sawasawa. Na tofauti na miito mingine, ioctl isiyojulikana huachiwa ipite hadi kwenye kerneli. Namba ya ioctl iliyotungwa kwa utaratibu hubeba ndani yake ukubwa wa data na mwelekeo wake, kwa hiyo Valgrind hukisia kutoka hapo. Hili la 0x30000001, ambalo watu wa CUDA, wanaoandikia kadi za NVIDIA, wanalijua sana, halina kidokezo chochote. Kazi imefanyika, ila karani hakuandika. Kwa hiyo lawama za thamani zisizojazwa zinazofuata karibu yake zipokee kwa mashaka. Ipo --sim-hints=lax-ioctls ya kulegeza ukaguzi huo, na mimi huitumia tu nikishajua kifaa gani kinalalamikiwa.

Mwaliko wa kuandika kipande chako mwenyewe, ule wa mstari wa pili wa onyo, si wa kejeli. Faili la README linalotajwa ni fupi na linasomeka. Ndani ya coregrind/m_syswrap utakuta jedwali lenye mistari kama LINX_ na LINXY: X maana yake pana PRE, Y maana yake pana POST. Mwito usio na vielekezi (pointers) huishia kwenye mistari michache unayoweza kuiga kwa jirani yake. Mwito wenye muundo ambao ndani yake mna vielekezi vya miundo mingine, huo mwachie mwenye muda. Kabla ya yote jenga toleo jipya kutoka chanzo, ndani ya folda yako ya nyumbani kwa --prefix, usiguse la mfumo. Vifurushi vya usambazaji (distro) huchelewa, na mara nyingi mwito wako umeshashughulikiwa. Ikiwa bado, ripoti ukiweka namba, aina ya prosesa, toleo la Valgrind na jibu la uname -r.

Mahali ambapo sasa hivi ninakaza macho zaidi hapana onyo lolote. Miito ya io_uring, kuanzia namba 425, Valgrind za leo zinaijua. Hazilalamiki. Lakini io_uring imejengwa juu ya kumbukumbu ambayo programu na kerneli wanaitumia kwa pamoja: unaweka ombi la kusoma kwenye foleni, mwito unarudi, na kerneli inakuja kujaza bafa yako baadaye, wakati hakuna mwito wowote unaoendelea wala POST ya kuandika chochote daftarini. Memcheck itasema bafa ni tupu, na itasema kwa alama za sawasawa, kwa uhakika wote. Dawa ni kumwambia mwenyewe, palepale unapopokea taarifa kwamba ombi limekamilika, kwa VALGRIND_MAKE_MEM_DEFINED kutoka valgrind/memcheck.h, ukimpa anwani na idadi ya baiti ambazo res, sehemu ya matokeo katika taarifa hiyo, imekuambia zimesomwa. Usimpe ukubwa wa bafa nzima. Ukimpa bafa nzima umemfunga macho kwenye sehemu ambayo kerneli haikuigusa, na huko ndiko kosa la kweli hupenda kukaa.